Msiwasimulie Wenzenu: Mabishano juu ya Filamu ya Les Diaboliques

Leo nimewaletea filamu ya zamani, ya Kifaransa, isiyo na rangi, yenye mauaji ndani yake na fumbo juu ya mauaji hayo. Inaitwa Les Diaboliques. Aliyeiongoza ni Henri-Georges Clouzot, na watu wa Paris waliiona kwa mara ya kwanza mwezi Januari mwaka 1955. Imepita miaka zaidi ya 70, na mpaka leo watazamaji wake hawajakubaliana.

Hawakubaliani juu ya nini? Wapo wanaosema ni filamu bora kabisa ya kutia hofu. Wapo wanaosema ni ujanja mtupu, ukishaujua hakuna tena cha kutazama. Wapo wanaosinzia katika nusu saa ya kwanza. Wapo wanaomchukia mwongozaji kwa jinsi alivyowatendea watu wake ndani ya hadithi. Nimewasikiliza wote hao, nami nina upande wangu, na nitauweka wazi. Lakini kabla ya yote natoa ahadi. Sitawaambia filamu hii inavyoisha. Sababu ya kunyamaza nitaieleza baadaye, na mtaona kwamba kunyamaza huko ni sehemu ya mabishano yenyewe.

Haya, tuanze na hadithi, nami nitaisimulia mpaka katikati tu.

Kuna shule ya bweni ya wavulana, ya binafsi, nje kidogo ya Paris. Majengo yamechakaa, ua umejaa majani makavu, na kuna bwawa la kuogelea ambalo maji yake yameoza mpaka hayaonyeshi kitu chini. Mwalimu mkuu anaitwa Michel Delassalle, na anaigizwa na Paul Meurisse. Michel ni katili na bahili. Mali si yake: shule ni ya mke wake, Christina, mwanamke mpole, mcha Mungu, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, mwenye ugonjwa wa moyo. Christina anaigizwa na Véra Clouzot, mke wa mwongozaji mwenyewe, aliyezaliwa Brazili. Halafu yuko Nicole, mwalimu wa shule hiyohiyo. Nicole ni hawara wa Michel, na kila mtu shuleni anajua, mke naye anajua. Simone Signoret ndiye Nicole. Tunapomwona mara ya kwanza amevaa miwani ya jua. Akiivua, jicho limevimba. Michel amempiga.

Basi mke na hawara, watu ambao kwa kawaida tungetegemea wavutane nywele, wanakuwa kitu kimoja. Wote wawili wameumizwa na mwanamume mmoja. Wanakubaliana kumuua.

Mpango ni wa Nicole. Wakati wa likizo fupi wanasafiri mpaka nyumbani kwake Niort, mji wa magharibi mwa Ufaransa, mji ambako Clouzot mwenyewe alizaliwa mwaka 1907. Kutoka huko Christina anampigia mumewe simu na kumwambia anataka talaka. Michel, anayeona fedha zikimponyoka, anapanda treni mbio. Akifika anapewa wiski yenye dawa ya usingizi. Akishalala, wanamzamisha katika hodhi la kuogea. Wanaufunga mwili, wanautia ndani ya kasha kubwa, wanarudi nao shuleni kwa gari dogo la mizigo, na usiku wanautumbukiza katika lile bwawa chafu. Wanachotaka ni mwili uje uelee wenyewe, watu waseme mwalimu mkuu alilewa akaanguka.

Siku zinapita. Mwili hauelei. Mwishowe bwawa linakaushwa. Christina anatazama kutoka dirishani maji yakishuka, yakishuka, mpaka chini. Hakuna mtu.

Hapo ninaishia. Nitaongeza mambo mawili tu ili mjue joto la hadithi: suti aliyokuwa ameivaa marehemu inarudi kutoka kwa dobi, imefuliwa na kupigwa pasi. Na mwanafunzi mmoja mdogo anasema mwalimu mkuu amempa adhabu. Lini? Leo.

Sasa tuingie kwenye mabishano.

Kundi la kwanza, na ndilo kubwa, ni la wale wanaosema filamu hii ni kitendawili. Kikishateguliwa kimekwisha, huwezi kumtegea mtu yuleyule mara ya pili. Nilipoionyesha nyumbani kwangu, kijana mmoja wa chuo kikuu, anayependa sana filamu, aliruka kwenye kiti mwishoni, akapiga kelele kama sote, kisha baada ya chai akasema: "Nzuri, lakini siwezi kuiona tena. Nitatazama nini, na ninajua kila kitu?"

Ni swali zuri, na nimelifikiria sana. Ninaliheshimu kwa sababu Clouzot mwenyewe alilipa nguvu. Yeye ndiye aliyetaka milango ya kumbi za sinema ifungwe mara filamu inapoanza, asiingie mtu aliyechelewa. Enzi hizo watu walizoea kuingia katikati ya filamu, wakaiangalia nusu, wakangoja onyesho lijalo wakamalizia mwanzo. Yeye akakataa. Tena mwisho wa filamu, baada ya picha ya mwisho, akaweka maandishi ya kuwaomba watazamaji wasiwe na ushetani, wasiwaharibie rafiki zao utamu, wasisimulie waliyoyaona. Sasa, ukiijenga filamu yako juu ya siri namna hiyo, utamlaumu vipi mtu anayesema thamani yake yote ni ile siri?

Miaka mitano baadaye, mwaka 1960, Alfred Hitchcock alifanya vilevile kwa filamu yake Psycho: ukichelewa, huingii. Na Hitchcock alikuwa na sababu ya kumwangalia Clouzot kwa jicho la mshindani. Les Diaboliques inatokana na riwaya iliyotoka mwaka 1952, ya waandishi wawili waliokuwa wakiandika pamoja, Pierre Boileau na Thomas Narcejac. Inasimuliwa kwamba Hitchcock naye aliitaka riwaya hiyo, Clouzot akamtangulia. Baadaye Hitchcock alichukua riwaya nyingine ya waandishi haohao, akaitengenezea Vertigo mwaka 1958.

Lakini narudi kwa yule kijana. Je, ni kweli kwamba ukishajua hakuna tena cha kutazama?

Mimi nasema si kweli. Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana hili ndilo jambo langu kuu leo. Les Diaboliques inakuwa filamu kubwa siku ile unayoitazama ukiwa unajua. Mara ya kwanza wewe ni mateka wa hofu. Unauliza tu: yuko wapi, ni nani, nini kinakuja? Mara ya pili hofu imepungua, macho yamekuwa huru, na unaanza kuona watu. Unaona jinsi mtu anavyofunga mlango. Unaona nani anamtazama nani, na kwa muda gani. Maneno yaliyokuwa ya kawaida yanapata uzito. Sentensi uliyoisikia ikipita sasa inasimama mbele yako, unajiuliza: hivi alikuwa anamaanisha nini aliposema vile? Filamu ni ileile, lakini ni kama imepigwa kutoka upande mwingine wa chumba.

Narudia, kwa aliyejiunga nasi sasa hivi: tunazungumza juu ya filamu ya Kifaransa Les Diaboliques ya mwaka 1955, na nasema mara ya pili ndiyo mara yenyewe. Mwongozaji mvivu angetudanganya kwa kutuficha. Clouzot hakutuficha. Aliweka mambo mezani, akategemea kwamba tutatazama kwingine. Ukirudi kukagua, utakuta alicheza kwa haki karibu kila mahali. Karibu, maana mambo fulani kwa kweli yanategemea bahati kupita kiasi, na anayelalamika juu ya hayo simpingi.

Kundi la pili linasema filamu inachelewa kuanza. "Mbona hakuna kinachotokea?" Wengi wa wanaosema hivi ni vijana, lakini si wote, na mimi sitasema kwamba vijana hawana subira. Ni kweli, mauaji hayatokei upesi, na filamu nzima ni karibu saa mbili.

Ila mimi nauliza: ni kweli hakuna kinachotokea?

Twende kwenye picha za kwanza kabisa. Majina ya waigizaji yanapita juu ya maji machafu, maji ya lile bwawa, ingawa bado hatujui ni bwawa. Kisha lile gari la shule linaingia getini. Njiani kuna kidimbwi cha maji ya mvua, na ndani yake mashua ya karatasi, ya watoto. Gurudumu linapita juu yake, linaisaga. Hakuna anayesema neno. Sekunde chache, basi. Lakini umeshaambiwa uko mahali gani: mahali ambapo kitu kidogo kizuri kinapondwa na mpondaji hata hageuki kutazama.

Halafu twende ukumbi wa chakula. Michel amenunua samaki wa bei rahisi, wameanza kuharibika. Watoto wanavuta pua. Christina ametia mdomoni, hawezi kumeza. Michel, mbele ya walimu, mbele ya wanafunzi, anamlazimisha. Anamwambia ameze. Naye, machozi yakimlenga, anameza. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa nasi, mama aliyefundisha shule za bweni maisha yake yote, alisema mauaji ya kwanza katika filamu hii yanafanyika pale mezani. Tangu siku hiyo sijasikia mtu akilieleza tukio hilo vizuri zaidi. Na kila aliyewahi kusoma bweni anaijua ile harufu, anakijua kile kimya cha watoto wanapomwona mtu mzima akidhalilishwa na hawajui watazame wapi. Bila nusu saa ile ya kwanza, mauaji ya Niort yangekuwa tendo la jinai tu. Kwa sababu yake, tunajikuta tunawatakia wauaji mafanikio. Hebu fikirini: watu wawili wanamzamisha binadamu, na sisi tuliokaa kwenye viti vyetu tunaogopa wasije wakakamatwa! Hilo halipatikani kwa haraka.

Nanyi wasikilizaji wa redio, nataka niwape zawadi moja, maana ninyi mna masikio. Filamu hii karibu haina muziki. Ule wa Georges Van Parys unasikika mwanzo na mwisho, katikati hakuna. Hakuna vinanda vya kukuambia sasa ogopa, sasa tulia. Kilichobaki ni sauti za nyumba. Kule Niort, hodhi linapojazwa, maji yanaguruma ndani ya mabomba yanayopita ukutani, na juu ghorofani kuna wapangaji, mume na mke, wanasikiliza redio. Mume anafuatilia kipindi chake, na kelele za maji zinamuudhi. Nani anaoga usiku huu? Anakasirika. Yeye analalamikia kelele, na chini ya miguu yake mtu anauawa. Clouzot anatupandisha juu kwa wapangaji, anatushusha chini bafuni, anatupandisha tena. Ningeweza kuwachezea sehemu hiyo hapa bila picha, na mngeshika viti.

Na kuelekea mwisho, shuleni, usiku, kuna nyayo kwenye sakafu ya mbao, mlango unaolia, na mashine ya kupigia chapa ikigonga ndani ya chumba ambamo hamkupaswa kuwa na mtu. Siendelei.

Kundi la tatu lina hoja nzito zaidi, na ndilo ninalopata taabu kulijibu. Linasema Clouzot hana huruma. Anamtesa Christina tangu mwanzo hadi mwisho, na anataka tufurahie mateso hayo. Dada mmoja, muuguzi, jirani yangu, aliondoka kimya siku ile, na kesho yake akaniambia hakulala. Si kwa hofu ya mzimu. Aliniambia: "Yule mama ni mgonjwa. Kila mtu anajua ni mgonjwa. Hakuna hata mmoja aliyemshika mkono."

Maneno hayo yamekaa nami. Ukweli ni kwamba Clouzot alijulikana kwa ukali, si ndani ya hadithi tu, hata kazini na waigizaji wake. Simone Signoret alikuja kueleza wazi katika kumbukumbu zake kwamba kazi ile ilikuwa ngumu na uhusiano ulikuwa mbaya. Hata wakosoaji vijana wa Ufaransa wa miaka ya 1950, wale ambao baadaye wenyewe walishika kamera wakabadilisha sinema ya nchi yao, waliona waongozaji wa namna yake ni watu wa kupanga kila kitu kwa baridi, kila kikombe mahali pake, pasipo nafasi ya mtu kupumua.

Na tukitaka kuelewa ubaridi huo ulitoka wapi, tuitazame miaka aliyopitia. Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, Clouzot alitengeneza filamu iitwayo Le Corbeau kwa kampuni ya Kijerumani iliyokuwa Paris. Ilihusu mji mdogo ambamo mtu asiyejulikana anaandika barua za kuwachafua wenzake, mpaka mji mzima unashukiana. Vita vilipokwisha, Wafaransa wengine walimwona msaliti kwa kufanya kazi pale na kwa kuwaonyesha Wafaransa wabaya kiasi kile. Akapigwa marufuku kufanya kazi. Alirudi mwaka 1947 na filamu nyingine ya mauaji, Quai des Orfèvres. Huyu ni mtu aliyeona majirani wakichongeana na akaona hukumu za haraka. Sishangai kwamba shule anayotuonyesha haina mtu mwema hata mmoja mwenye nguvu. Wema wapo, lakini ni dhaifu, na wenye nguvu si wema.

Je, hilo linamwondolea lawama? Kwa upande wangu, haliondoi. Yule muuguzi yuko sahihi: filamu haimshiki Christina mkono. Lakini nilipoitazama tena baada ya maneno yake niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Kamera haimwachi. Katika filamu ambayo kila mtu anamfanya Christina chombo cha matakwa yake, kamera ndiyo peke yake inayokaa na uso wake, inauangalia ukikunjamana, ukiomba, ukikata tamaa. Wakosoaji wengi, na watazamaji wengi pia, wanasema Véra Clouzot alikuwa mwigizaji dhaifu aliyepewa nafasi na mumewe, na kwamba Signoret anammeza kila wanapokuwa pamoja. Nakataa. Signoret ni jabali, naam, anavuta sigara, anakata maneno, anabeba kasha kama mpagazi. Lakini hofu ya filamu yote inapita katika macho ya Véra. Mtoeni yeye, mumweke mwigizaji shupavu, na hakuna filamu. Watu wa Marekani walijaribu mwaka 1996, wakaitengeneza upya, Sharon Stone akiwa mwalimu na Isabelle Adjani akiwa mke, na wakabadilisha mwisho. Waigizaji wakubwa, fedha nyingi, na haikupokelewa vizuri.

Kuna jambo moja la nje ya filamu ambalo linawafanya watazamaji wengine wasiweze kuitazama kwa moyo mtulivu. Véra Clouzot, aliyeigiza mwanamke mwenye moyo dhaifu, alikufa mwezi Desemba mwaka 1960 kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka 46. Aliigiza katika filamu tatu tu, zote za mumewe.

Nimpitie haraka mpelelezi. Anaitwa Fichet, askari mstaafu, anaigizwa na Charles Vanel. Christina anakutana naye mochwari, na baada ya hapo haondoki, koti limemkaa ovyo, maswali hayaishi. Wengi wameona ndani yake babu wa Columbo wa televisheni. Wanaompenda wanasema analeta pumzi katika hadithi iliyobana. Wasiompenda wanasema anafikia majibu upesi mno, na filamu haituonyeshi ameyafikiaje. Hapa nasimama na wasiompenda. Ninampenda Vanel, simwamini Fichet.

Na kuna sentensi ya mwisho. Mambo yote yakishafunuliwa, mmeshashusha pumzi, mtoto mmoja, yuleyule aliyesema amepewa adhabu, anasema neno fupi. Neno hilo linafungua mlango mwingine. Wengine wanasema Clouzot angemnyamazisha mtoto huyo, filamu iishe safi. Wengine, nami nikiwamo, wanasema bila mtoto huyo tungetoka ukumbini tukidhani tumeelewa kila kitu. Tangu mwanzo watu wazima wa shule ile hawamwamini. Anasema kweli, wanamwadhibu kwa uongo. Sasa anasema tena. Mtamwamini? Ndiyo mabishano yenyewe hayo, na ukiwa na watu sebuleni usiku huo hawatalala mapema.

Sasa nirudi kwenye ahadi yangu. Kwa nini sisimulii mwisho?

Kuna watu wataniambia: ndugu mtangazaji, filamu ina miaka zaidi ya 70, siri gani tena? Kila kitu kimeshaandikwa. Nao wana hoja. Kazi ya kuchambua filamu bila kutaja mwisho wake ni ngumu, leo mmesikia nilivyokuwa nikizunguka. Wakosoaji wanahitaji kusema yote, na wana mahali pao pa kuyasema.

Lakini redio si mahali hapo. Kitabu ukikiona kinaelekea kufichua, unakifunika. Redio huwezi kuifunika, neno likishatoka limeshaingia sikioni. Kuna msichana wa miaka 17 mahali fulani sasa hivi, anasikiliza huku anaosha vyombo, na hajawahi kulisikia jina Clouzot. Kwake yeye filamu hii haina miaka 70. Itazaliwa siku atakayoiona. Nani amenipa mimi haki ya kumnyang'anya usiku ule?

Tena sisi kwetu tumezoea kinyume. Katika vibanda vya video tulikolelewa wengi wetu, kulikuwa na mtu aliyeshatazama, akakaa nyuma na kutangaza kwa sauti: huyu atakufa, yule ni msaliti, stelingi anarudi mwisho. Na filamu nyingi hazikuharibika, kwa sababu sote tulijua stelingi hauawi, tulikwenda kuona atashinda vipi. Ladha ile ninaithamini, ndiyo iliyonifundisha kutazama sinema pamoja na watu. Les Diaboliques lakini haina stelingi. Mara ya kwanza inakutaka uwe peke yako gizani, hujui umwamini nani, na hali hiyo huipati mara mbili. Mara ya pili utapata mambo mengine, nimeshasema, makubwa zaidi. Lakini huwezi kufika mara ya pili bila kupita ya kwanza.

Kwa hiyo nashika ombi la Clouzot. Na si mimi tu: watu wengi waliolisoma mwaka 1955 walilishika, wakatoka ukumbini wakawaambia rafiki zao neno moja tu, nendeni. Filamu ikajaza kumbi Ufaransa, ikapata tuzo ya Louis Delluc nyumbani, na New York wakosoaji wakaitaja kuwa filamu bora ya kigeni ya mwaka, ikigawana heshima hiyo na filamu ya Kiitaliano, Umberto D.

Wasikilizaji wangu, muda unanibana. Mkitaka kuitazama, inapatikana ikiwa imesafishwa picha vizuri, na mkiweza tafuteni yenye sauti ya asili ya Kifaransa na maandishi ya tafsiri chini, msichukue iliyobadilishwa sauti, maana mtapoteza zile sauti za nyumba nilizowaambia. Zimeni taa. Simu wekeni mbali. Wazee wenye shida ya moyo, nasema kwa dhati, iacheni. Watoto wadogo walale kwanza. Msisome chochote kuihusu, wala msitafute picha zake.

Kisha ngojeni wiki mbili tatu, muitazame tena, na safari hii kaeni karibu zaidi. Pale mezani, wakati Michel anamlazimisha mkewe kumeza yule samaki, msimtazame Michel. Msimtazame hata Christina. Watazameni wengine wote waliokaa pale, mmoja baada ya mwingine, kisha niandikieni mliona nini. Barua zenu nitazisoma hapahapa, bila kutaja mwisho.